Jina Nililowapa Watu wa Ilomba

Niseme mapema ili usije ukanionea huruma bure: ndugu yangu Jailos hakuwahi kuonja pombe. Hata ulanzi, pombe ya mianzi, ambao kwetu Iringa mtoto anaonjeshwa kabla hajaota meno, yeye aliukataa. Msimu ukifika, mianzi ikaanza kutoa maji na kijiji kizima kikawa kinatembea upande upande, Jailos alikaa na chai yake ya rangi akitucheka. Tulimtania mpaka tukachoka. Mnywaji nilikuwa mimi, Anord, na nilikunywa kwa niaba ya wote wawili.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa nne, alikuja Kilolo na pikipiki yake kunichukua kwenye msiba ambao mimi nilikuwa nimeugeuza sherehe. Nilishakata maji tangu asubuhi. Nikamnyang'anya ufunguo, nikamwambia mimi si gunia la kupakiwa nyuma. Alibishana, kisha akakaa nyuma, akanishikia dumu langu la ulanzi la lita tano kwa sababu nilikataa kuliacha. Kwenye mteremko wa kuingia mjini tulitoka barabarani. Nilipozinduka mtaroni ilikuwa saa kumi na mbili jioni, watu wameshajaa, na mimi nilikuwa na mchubuko wa goti tu. Dumu lilikuwa limepasukia juu ya Jailos. Alikuwa amelala kifudifudi, ameshakufa, ananuka ulanzi kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi.

Mtu mmoja akauliza, "Nani alikuwa anaendesha?"

Nikasema, "Yeye."

Kila mtu akaamini, maana harufu ilikuwa pale. Mimi pia nilinuka, lakini nani anahangaika kumnusa aliyepona? Tukamzika kama mlevi. Mama yetu, Veneranda, aliinamisha kichwa siku zote za matanga pale nyumbani Mlandege, na niliona wazi kwamba aibu ilikuwa imemlemea kuliko hata uchungu. Tangu siku ile hakulitaja tena jina la mwanawe. Mimi nilihamia Mbeya, nikafungua karakana ya useremala Ilomba, nikaendelea kunywa.

Mwaka huu mwezi wa tano mikono ilianza kunitetemeka hata nikiwa nimekunywa. Msumeno ukanichana vidole viwili. Muuguzi wa zahanati aliyenifunga bandeji alininusa, hakunisema, akaandika namba ya simu nyuma ya karatasi ya dawa.

"Wanakutana Jumamosi saa nne asubuhi," alisema. "Ni watu kama wewe tu."

Nilikasirika sana. Watu kama mimi! Nikaitia ile karatasi mfukoni kwa hasira, na kwa wiki mbili nilikuwa naitoa na kuirudisha, mpaka namba zikaanza kufutika. Hapo ndipo nikapiga, nisije nikaikosa. Alipokea mwanamke mwenye sauti ya mtu anayekoroga sufuria.

"Kaka, usijieleze," alisema kabla sijajieleza. "Mimi naitwa Tupokigwe. Nyuma ya kanisa kuna chumba, mlango wa bluu. Ukiweza usije umelewa. Ukishindwa, we njoo hivyo hivyo."

Nilikwenda nikiwa mkavu, bila hata glasi moja. Kulikuwa na watu tisa kwenye viti vya plastiki, birika la chai juu ya jiko la mkaa, na mzee mmoja wa Kinyakyusa aliyevaa koti la sufu. Huyo ndiye Mwalimu Gwakisa, mstaafu, aliyekuwa na miaka kumi na moja bila tone. Alinipa mkono kwa mikono miwili.

"Hapa hatuulizi ukoo wala kazi," aliniambia. "Tupe jina moja tu, lile unalotaka tukuite."

Nilikuwa nimepanga kusema John, au Petro, jina lolote la kupita nalo. Mbeya imejaa watu wa Iringa na habari husafiri. Lakini mdomo una mazoea yake. Kwa miaka mitatu, kila aliyegusia pombe na mimi nikiwepo, nilimtaja mtu mmoja, na siku ile pia nilimtaja.

"Naitwa Jailos," nikasema. "Mimi ni mlevi."

"Karibu, Jailos," wakajibu wote kwa pamoja, kwa upendo mpaka nikataka kulia. Sikusahihisha. Nilijiambia marehemu hatadhurika kwa jina lake kuazimwa saa moja kwa wiki.

Walikuwa na utaratibu wao mmoja ambao Mwalimu aliuanzisha mwenyewe. Mwenzao asipofika, kabla ya kuanza wanammiminia kikombe cha chai, wanakiweka juu ya kiti chake, na wote wanamwita mara tatu: "Fulani, nafasi yako ipo." Siku ile ya kwanza hakuwepo mwanamke mmoja aitwaye Lusia. Walipomwita, niliweka kikombe changu chini. Babu yangu alifanya hivyo hivyo kwenye mianzi yake alipokuwa anatambika. Alimimina ulanzi, akamwita mzee aliyekufa mara tatu kwa jina, kisha akatunyamazisha watoto wote ili amsikie akifika. Lakini hii ni chai, nilijisemea, tena yenye sukari ya kutosha, na Lusia yuko hai Uyole anauza mitumba. Jumamosi iliyofuata Lusia alirudi. Alisema alikuwa na malaria.

Nilihudhuria Jumamosi tano mfululizo. Wiki tano bila kunywa, mimi! Nilianza kusikia ladha ya maharage. Nilisimulia mambo yangu mengi pale, ila ajali sikuigusa, na nilikuwa najua vizuri kwamba siigusi. Kisha tajiri mmoja wa mashine ya kukoboa mpunga kule Rujewa akaniita nimwezekee ghala. Jua la bonde la Usangu likanipiga kichwani, mafundi wenzangu wakanikaribisha jioni ya kwanza, na sikukataa. Nilikunywa wiki mbili. Jumamosi zote mbili, ikigonga saa nne, nilikuwa juu ya paa na nyundo yangu nikiwaza kwamba huko Ilomba kikombe changu kinamiminwa. Iliniuma. Ila sikuwaza wanamwita nani.

Niliporudi Mbeya ilikuwa mwezi wa saba, baridi kali, ukungu umeshuka kutoka mlima Loleza mpaka kwenye madirisha. Tupokigwe alikuwa mlangoni anakung'uta masizi ya birika. Akanitazama kuanzia juu mpaka viatuni.

"Afadhali leo umevaa nguo kavu," alisema.

"Nguo kavu kivipi?"

"Kaka Jailos, Jumamosi iliyopita si ulikaa hapa unachuruzika mpaka nikapiga deki baada yako? Na ile kabla yake vilevile. Nikasema huyu mtu kalala mtaroni."

Nikacheka. Nilidhani ananitania kwa kutokufika kwangu. Yeye hakucheka.

"Dada Tupo, mimi nilikuwa Rujewa."

"Haya," alisema taratibu, kwa ile sauti wanayotumia pale kwa mtu anayedanganya na bado wanampenda. "Ingia tu. Tumefurahi umerudi. Lakini usiendelee kukana, utajichelewesha."

"Nilikana nini?"

"Ulituambia hujawahi kuonja pombe. Hata siku moja! Na huku unanuka ulanzi chumba kizima." Akaniwekea mkono begani. "Kila anayerudia pombe hukana hivyo. Mimi mwenyewe nilisema miezi mitatu."

Niliingia, nikakaa, na sikusikia neno hata moja la kikao kile. Kiti changu kilikuwa na unyevu. Nilipoweka kiganja chini ya kalio na kukinusa, kilikuwa na harufu chachu ya mianzi, na sisi tulikuwa mwezi wa saba, wakati ambapo ulanzi umeshakauka milima yote.

Mlevi ana faida moja, anaweza kujilaumu kwa lolote. Nilijiambia huenda nililewa nikapanda basi kuja Mbeya nikasahau. Nimewahi kusahau makubwa kuliko hayo. Nikampigia tajiri wa Rujewa.

"Jumamosi?" alisema. "Zote mbili ulikuwa juu ya bati langu tangu asubuhi. Si nilikukataza usipande, unayumba? Ukabisha."

Nikamshukuru nikakata simu. Kisha nikakaa karakanani katikati ya maranda ya mbao na nikaelewa vizuri kabisa nilichokifanya. Nilikuwa nimewapa watu wema tisa jina la marehemu, na wao wakammiminia kinywaji na kumwita mara tatu, Jumamosi mbili. Sasa angefanya nini? Aliitwa, akaja. Alikuja na nguo alizofia, na kwa sura tulifanana tangu utoto. Na alipofika akaambiwa akiri kuwa ni mlevi, akasema kweli yake, wakamjibu kwa upole kwamba anajidanganya.

Jumatano mama alinipigia. Kwa kawaida simu zake ni fupi, salamu na habari za mahindi. Safari hii alinisalimia kwa Kihehe, "Kamwene," na mahindi hakuyagusa.

"Shikamoo mama. Kuna tatizo?"

"Nimemwota Jailos."

Miaka mitatu sikuwa nimelisikia jina lile kinywani mwake. Nilikaa juu ya benchi la kurandia.

"Alikuwa kalowa," alisema. "Amesimama hapo mlangoni, hataki kuingia ndani asinichafulie. Ananiambia, mama, kuna watu huko Mbeya wamenikalisha na walevi. Wananisihi sana. Ni watu wazuri, nawaonea haya kuwakatalia, naona nitawakubalia tu." Akavuta pumzi. "Anord, we uko Mbeya. Hiyo ndoto ni nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale pale. Sikuitumia. Nikamwambia ni mawazo tu, mama, asali rozari alale. Baada ya kukata simu nilishikwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe. Huyo ndiye Jailos wangu hasa. Hata akiwa hai alikuwa hawezi kumkatalia mtu anayemsihi. Ndivyo alivyokaa nyuma ya ile pikipiki.

Nilifikiria kutokwenda tena. Ningehama, ningebadili namba ya simu. Lakini nisipofika watamwita. Wataendelea kumwita kila Jumamosi, maana Mwalimu Gwakisa hafuti jina la mtu, na yeye ataendelea kuja na kuchuruzika pale mpaka akubali. Akishakubali, mbele ya watu, kwa mdomo wake, kuna nani tena duniani atakayejua kwamba hakuwa mlevi? Ni mimi tu, na mimi nilikuwa naelekea kufa kwa pombe.

Jumamosi niliamka mapema na bado nikachelewa. Nilifunga kamba za viatu mara nne. Nilipita mbele ya kilabu cha pombe ambacho muuzaji wake ananijua kwa jina langu la kweli, akaniita, nikasimama, mate yakanijaa mdomoni. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Nilipofika nyuma ya kanisa, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliufikia mlango wa bluu kwa kupapasa ukuta, na kikao kilikuwa kimeshaanza. Dirisha lilikuwa wazi kidogo kwa ajili ya moshi wa jiko.

"Hatukulazimishi," Mwalimu Gwakisa alikuwa anasema. "Sema tu pale utakapoweza."

"Tuko na wewe, kaka," sauti ya Tupokigwe.

Kisha nikasikia sauti yangu. Ilikuwa yangu kabisa, ila ya chini zaidi na isiyo na haraka. Watu walizoea kutuchanganya kwenye simu, na mama peke yake ndiye ambaye hakukosea.

"Basi," ilisema, na ilikuwa imechoka. "Kama itawafurahisha. Naitwa Jailos. Mimi ni…"

Sijui niliufunguaje mlango. Nilimwona mgongo tu, shati la mistari la Jailos limemgandia mabegani, ukosi unadondosha, na kisogo ambacho nilikinyoa mwenyewe kwa mashine wiki ya ajali. Nilipiga kelele ambayo kanisani kwenyewe waliisikia.

"Naitwa Anord! Mlevi ni mimi! Huyo hakuwahi kunywa. Mwacheni, hakuwahi kunywa hata siku moja. Pikipiki niliendesha mimi."

Hakugeuka. Nilitaka sana ageuke na niliogopa sana asije akageuka, na mpaka leo siwezi kukuambia lipi lilikuwa kubwa. Nilipofumba macho na kuyafumbua, watu walikuwa wananitazama mimi, kisha wanakitazama kiti, kisha mimi tena. Kiti kilikuwa kitupu. Maji meupe meupe yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye plastiki na kuingia kwenye ufa wa sakafu, na harufu ya ulanzi ilikuwa inapungua polepole, mpaka ikabaki ya mkaa na chai. Lusia alikuwa anasali kwa Kisafwa. Tupokigwe alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Nikawaeleza yote nikiwa nimesimama. Kilolo, ufunguo, dumu, mtaro, na lile neno moja nililosema. Nilieleza vibaya, nikiruka huku na huku, na hakuna aliyenikatisha. Nilipomaliza nilisubiri Mwalimu anipe pole, maana pale kila mtu hupewa pole. Hakunipa.

"Asante kwa kutuambia," alisema. "Lakini sisi umetudanganya wiki chache tu. Yuko mtu umemdanganya miaka mitatu. Simu unayo?"

"Ninayo, Mwalimu."

"Mpigie tukiwa hapa. Ukitoka nje hutapiga. Nakujua, kwa sababu najijua."

Nilipiga. Mama alipokea haraka, na nyuma yake nilisikia kuku na mtu anayetwanga. Sikumsalimia hata. Nilimwambia: mama, Jailos hakulewa siku ile. Hakulewa siku yoyote. Ule ulanzi ulikuwa wangu, ulimmwagikia. Aliyelewa ni mimi, aliyeendesha ni mimi, nikamsingizia akiwa amelala pale pale.

Aliyekuwa anatwanga aliacha kutwanga. Nilijiandaa kulaaniwa, kwa kweli nililitamani tusi lolote. Nilijua ndugu watakaa kikao, nilijua huenda nitaitwa polisi, na yote yalikuwa haki yangu. Mama alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Alisema nini?"

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Njiani. Kabla hamjaanguka, alisema nini?"

Hakuwahi kuniuliza. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mtu akifa amelewa, nani anahangaika kutafuta maneno yake ya mwisho? Sasa alikuwa amerudishiwa mtoto mwenye akili zake timamu, na jambo la kwanza alilolitaka ni maneno yake.

Nikatafuta. Walahi nilitafuta. Niliuona ufunguo, niliuona mteremko, nilikumbuka uzito wa dumu likinigonga mgongoni. Kisha maneno yakaanza kuja yenyewe, mazuri, tayari kabisa: alikutaja wewe mama, alisema anakimbilia nyumbani usikae peke yako, alikuwa anaimba wimbo wa kanisani. Ningeweza kumpa lolote kati ya hayo. Angelitunza mpaka siku yake ya kufa, na lingemfaa. Watu tisa walikuwa wananitazama, na ninaamini hakuna hata mmoja wao ambaye hakujua ninachotafuna mdomoni.

"Sijui, mama," nikasema. "Alikuwa anaongea. Njia nzima alikuwa anaongea, hapa nyuma ya sikio langu. Nilikuwa nimelewa. Sikumsikiliza."

Hakujibu. Hakukata simu pia. Nilikaa nimeishikilia sikioni, nikimsikia akipumua kule Mlandege, mpaka chaji ikaisha.